Kava la Albamu (Sehemu ya Tatu): Kikundi Kisipojiandika, Huandikwa

Mabishano ya albamu bora hurudi kila Tuzo za Muziki Tanzania zinapokaribia, na kinachohesabiwa ni watazamaji wa YouTube na mastaa walioshirikishwa. Kava halina mtetezi. Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona nyimbo zinavyopangwa na kurekodiwa. Leo tutazame kile ambacho mnunuzi hukiona kabla hajasikia sauti. Kava humtaja mwenye kazi na humchagua msikilizaji. Kikundi kikiiacha kalamu ya kuandika kava lake, mwingine ataiokota.

Historia inathibitisha hilo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri za enzi hizo kwa kawaida zilivikwa bahasha ya karatasi yenye tundu katikati. Bahasha iliitangaza kampuni. Msanii aliachiwa duara dogo la lebo. Mbwa wa nembo ya kampuni hiyo, anayesikiliza gramafoni, alijulikana kwa sura kuliko waimbaji wengi waliomlisha. Baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwa wingi, lakini kwa ajili ya kurushwa hewani, na kanda zikabaki maktaba. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho, hivyo aliyetaka santuri alivuka mpaka hadi Nairobi. Huko ndiko ulikotoka mfululizo wa Ukumbusho wa mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, baada ya kifo chake Januari 1979. Jina hilo pekee lilimwambia mnunuzi anayetafutwa ni nani: mfiwa. Marehemu hakuulizwa.

Hata kikundi kilicho hai huweza kuandikwa na wengine. X Plastaz wa Arusha walipotoa albamu mwaka 2004 kupitia Out Here Records ya Ujerumani, iliitwa Maasai Hip Hop, ingawa katika kundi lile Mmaasai alikuwa Yamat Ole Meipuko, na marapa wenzake walikuwa vijana wa mjini. Jina lile lilimlenga msikilizaji wa Ulaya. Silaumu biashara, ila tusijidanganye kwamba kijana wa Bunda ndiye aliyefikiriwa. Linganisha na kwaya zetu za makanisani, ambazo kwangu ndizo vikundi huru vya kweli nchini: hujichangisha, hurekodi, huuza zenyewe mlangoni baada ya ibada. Kava zao huonyesha wanakwaya wote wamevaa sare, jina la usharika au parokia, na namba ya simu. Wachoraji wa mjini huzicheka, lakini muumini akiziona hujua mara moja nani anaimba, wanatoka wapi na awaalike vipi.

Wapo watakaosema kava ni anasa, fedha ziende studio. Wengine watasema santuri na sidii zimekufa: Suguti, mkoani Mara, leo nyimbo huingizwa kwenye flashi na memori kadi, na hata stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki mwaka 2013 haina pa kubandikwa. Kuhusu gharama, picha moja ya simu na orodha ya majina haimalizi bajeti ya kikundi chochote. Kuhusu flashi, hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Wimbo ukihama simu hadi simu ukiitwa "Track 07", mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Mara, hupoteza jina, kijiji na njia ya kudai mirabaha. Faili la wimbo lina nafasi ya picha na majina. Kuiacha tupu ni uvivu, na uvivu huu huwanufaisha wezi wa kazi za watu.

Kwa hiyo, vijana wenye vikundi, kabla ya kuulizana picha ipi itawapendeza watu wa Dar es Salaam, andikeni kwanza nani ametunga, nani amepiga, wapi na mwaka gani. Kisha chagueni picha ambayo jirani yenu wa Suguti ataitambua bila kuelezwa. Mgeni akiipenda, atajifunza kutoka kwenu. Sehemu ijayo itahusu usajili wa kazi katika Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA), na huko asiyeandika majina hana cha kusajili.