Siri za Kioo (3): Tone, Mkia na Kibaka

Habari za vibaka kuvunja vioo vya magari yaliyoegeshwa zimerudi magazetini, na baadhi ya wasomaji wanauliza mfululizo huu utawafaa lini. Nilikuwa njiani kufika huko. Kioo cha mbele, kile cha tabaka alichotuachia mvumbuzi wake Bénédictus, tulikimaliza wiki iliyopita. Vioo vya milangoni vina ukoo wao, tena wa zamani zaidi.

Ukoo huo unaanzia kwenye tone. Dondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi, utapata kitu chenye umbo la kiluwiluwi: kichwa kinene, mkia mwembamba. Weka kichwa juu ya fuawe ukigonge kwa nyundo, hakivunjiki. Vunja ncha ya mkia kwa vidole, tone zima linalipuka na kuwa unga. Mwanamfalme Rupert ndiye aliyeyapeleka matone hayo Uingereza, na mwaka 1661 Mfalme Charles wa Pili akawakabidhi wanazuoni wa Royal Society wayachunguze. Robert Hooke aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1665, akaukaribia ukweli kwa namna inayonistaajabisha hadi leo. Nje huganda kwanza. Ndani hupoa baadaye, na kadiri inavyosinyaa ndivyo inavyoivuta ngozi ya nje. Ngozi inabanwa, moyo unavutwa. Nguvu ya tone imo humo, na balaa lake pia.

Mwaka 1874 Mfaransa de la Bastie aligeuza ajabu hiyo kuwa biashara, akichovya vioo vya moto katika mafuta. Viwanda vya leo hupasha kioo moto kupita nyuzi 600 za selsiasi, kisha hukipuliza hewa kwa kasi pande zote mbili. Kioo hicho huhimili kishindo kikubwa, ila jeraha dogo likipenya ngozi yake, chote huporomoka punje punje. Punje hizo hazimchanji abiria kama vigae virefu vya kioo cha kawaida, na waliozitaka walimfikiria yeye. Kibaka hajamsoma Hooke, lakini kwa kipande cha kauri ya plagi anaujua mkia wa tone ulipo.

Tujikinge vipi, basi? Filamu nene ya usalama hushikilia punje na kumchelewesha kibaka. Alamu hulia, na mjini hakuna anayegeuka. Tinti haifui dafu mbele ya tochi ya simu. Kinachofaa zaidi ni kuacha viti vitupu kabisa, hata waya wa chaji usionekane, na mkoba uingie kwenye buti kabla hujafika maegesho, maana anayewavizia wenye magari yuko palepale akitazama nani anafunga nini.

Hata hivyo kibaka ana mteja, na mteja huyo mara nyingi ni mwenye gari mwenzetu. Tunanunua saiti mira na redio kwa bei ya kutupa, hatuulizi zilitoka wapi, kisha tunalaumu polisi. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai. Wanaochonga namba ya gari kwenye vioo na saiti mira wanamharibia mwizi soko, na gharama yake haifiki ya kioo kimoja kipya. Kama gari lako halijachongwa, mwone fundi kabla ya Jumatatu.