Somo la Wazazi na Walezi: Kijana Mwenye Ulemavu wa Akili na Picha za Nyuso

Leo tunazungumza na wazazi, walezi na walimu wa pwani, kuanzia Bagamoyo, kupita Saadani, mpaka Pangani. Na walio mbali wasikilize pia. Tutajifunza jinsi kijana mwenye ulemavu wa akili anavyotambua furaha, huzuni, hasira na hofu katika picha ya uso wa mtu. Wenye kalamu na karatasi waziweke tayari.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili huweza kumpata mtu ye yote, hata bingwa wa elimu, tena ukubwani. Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtoto huchelewa kujifunza kusema, kuhesabu na kujitunza, na akifika miaka 14 au 16 bado huhitaji kuelezwa mambo pole pole kuliko wenzake. Neno “taahira” tuliache, kwa maana limekuwa tusi.

Pengine mtauliza: habari za nyuso zina faida gani kwetu? Tazameni maisha ya Saadani. Kijana anakwenda ufukoni wavuvi wanapopandisha kamba. Mvuvi mmoja wavu wake umepasuka, naye amekunja uso. Kijana asipoutambua uso ule, atamwendea kwa mzaha, na huenda akatukanwa au akapigwa. Tena kijiji kimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Humo mna tembo na simba, na katika Mto Wami mna mamba na viboko. Mwenzake akisimama ghafula njiani, macho yamemtoka, kijana hana budi kufahamu kwamba iko hatari. Basi kusoma uso wa mtu ni kinga.

Mabingwa wakitaka kupima jambo hili, hutumia picha. Njia hiyo ni ya zamani. Charles Darwin wa Uingereza aliwaonyesha wageni wake picha za nyuso na kuwauliza wanaona nini, na mwaka 1872 akatoa kitabu juu ya jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao. Karibu miaka 100 baadaye, Mmarekani Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua New Guinea. Hakuwataka wataje jina la hisia. Walisimuliwa kisa kifupi, kwa mfano cha mtu aliyefiwa na mwanawe, kisha watu wazima wakachagua picha moja katika tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Mara nyingi walichagua kama ilivyotazamiwa, lakini uso wa hofu na uso wa mshangao waliuchanganya.

Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi nao walionyeshwa picha za namna hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 na Maria Gendron na wenzake yalionyesha kwamba majibu yao hayakulingana sana na yale yanayohesabiwa kuwa sahihi Ulaya na Marekani. Je, tuseme Wahadzabe hawajui hasira wala huzuni? Hasha! Wanazijua vizuri katika maisha yao. Watu hujifunza maana ya uso kwa kukaa na wenzao, na picha ya mgeni haina budi kuwatatiza.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Katika majaribio mengi, vijana wenye ulemavu wa akili hutoa majibu sahihi machache kuliko wenzao wa umri ule ule. Furaha huwa rahisi kwao. Hofu, mshangao na kinyaa huwa vigumu zaidi. Lakini mwaka 2001 Derek Moore, aliyeyapitia majaribio hayo, alionya kwamba sehemu ya makosa hutoka katika mtihani wenyewe. Mtihani hudai kijana akumbuke maswali marefu, atulie muda mrefu na ajue maneno mengi.

Fikirini wenyewe. Uso wa kwenye picha hausogei wala hausemi. Hatuoni mikono, hatujui kilichotokea. Kijana anaweza kuona kwamba mama amenuna, akanyamaza kwa adabu, na bado akashindwa kulitaja neno “hasira”. Tena wako vijana wanaojibu “ndiyo” kwa kila swali ili kumridhisha anayewauliza. Kwa hiyo kuona ni jambo moja, kuelewa ni la pili, na kutaja jina ni la tatu. Akishindwa la tatu, tusimhukumu kwamba hana yale mawili.

Je, tumfundishe vipi? Fuateni hatua hizi tano.

Kwanza, anzeni na nyuso anazozijua: baba, bibi, kaka, jirani. Wapigeni picha kwa simu, kwa ridhaa yao.

Pili, anzeni na picha mbili tu, ya mtu anayecheka na ya mtu aliyekasirika. Msimwulize, “Huyu ana hisia gani?” Mwambieni, “Shangazi amepata mjukuu. Uso wake ni upi?” Aonyeshe kwa kidole.

Tatu, ongezeni sauti na mwili. Semeni kwa sauti ya huzuni, inamisheni kichwa, naye aige mbele ya kioo.

Nne, akishazoea, ongezeni huzuni, halafu hofu. Msiharakishe. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, mfundisheni la kutenda. Akiona huzuni, aseme “pole”. Akiona hasira, asogee kando na kuacha mzaha. Akiona hofu, asimame na kumrudia mkubwa wake.

Lakini liko onyo kubwa. Uso wa kucheka hauonyeshi kila mara moyo mwema. Wako watu waovu wanaomchekea kijana ili wamdanganye au wamdhuru. Mfundisheni kwamba mtu akimwambia “njoo, usimwambie mtu,” hata akiwa na bashasha namna gani, akatae na kuja kueleza nyumbani. Nanyi akieleza, mwaminini.

Mwisho, tukumbuke haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Kumficha kijana ndani ni kumnyima haki, na pia ni kumnyima darasa. Nyuso hujifunzwa kwa kukaa na watu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Katika kijiji chenu, watu huonyeshaje hasira bila kusema neno?
2. Ni uso gani unaomtatiza zaidi kijana wenu, na huutambua katika mambo gani ya kila siku?
3. Nani kijijini angeweza kuwa rafiki wa kutembea naye sokoni na pwani?

Jaribuni hatua ya kwanza na ya pili juma hili, dakika 10 kila siku, akiwa ameshiba na ametulia.