NGANO NA NYASI ZA PORINI: NDOA YENYE MAAJABU

Askari alapo mkate wake kambini, ni nadra kufikiri kwamba ngano yenyewe ni chotara. Yapata miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, pande za Bahari ya Kaspi, ngano ya kale yenye kromosomu 28 ilichanganyika na nyasi ya porini yenye kromosomu 14. Kukazaliwa mmea wa kromosomu 42, nao ndio utulishao hata leo.

Wataalamu wamejaribu kuirudia ndoa hiyo, na yatokeayo ni ya kustaajabisha. Baadhi ya machotara, yapatwapo na baridi, hujikunyata yakawa vichaka vifupi vyenye machipukizi tele, na majani hufa kabla ya wakati. Mmea huohuo ukikuzwa penye joto huenda ukanyooka kana kwamba haukuugua kamwe. Inaelezwa kwamba urithi wa wazazi wawili haupatani, hata kinga ya mmea ikaushambulia mwili wake wenyewe. Sisi tuliozoea lindo la usiku twaijua hatari ya mlinzi asiyemtambua mwenziwe gizani.

Katika Urusi ya Kisovieti, tangu miaka ya 1930, Nikolai Tsitsin aliioza ngano kwa jamaa za yale magugu sugu ambayo mkulima huyang'oa kwa hasira. Alitaka ngano ipandwayo mara moja na kuvunwa miaka mingi. Baadhi ya machotara yake yalichipua tena baada ya kukatwa, jambo ambalo ngano ya kawaida hailiwezi. Lakini mavuno yalikuwa haba, na mengi hayakudumu miaka mingi. Ngano hiyo haikupata kuchukua mahali pa ile ya zamani.

Faida kubwa zaidi ilikuwa ngao dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa uwezao kuliteketeza shamba zima. Nayo ngao hutobolewa. Mwaka 1998, huko Kalengyere, kusini-magharibi ya Uganda, kutu mpya iliishinda ngano iliyokingwa na urithi wa nafaka ya rai, ikaitwa Ug99. Mwaka 2006 ndugu yake aliyeonekana Kenya aliishinda kinga nyingine, iliyotoka kwa nyasi ya porini. Tangu mwaka 2005, ngano za mataifa mengi zimekuwa zikiletwa Njoro, Kenya, zipandwe mbele ya adui huyo ijulikane ipi itasimama.