Gemu: Sinema ya Sebuleni au Raha Tu?

Jamani, ugomvi huu umeshaingia nyumbani kwako? Kwangu upo, tena umepanga sebuleni bila kulipa kodi. Mwenzangu ni mgonjwa wa gemu za hadithi: picha kali, muziki wa kutoa machozi, wahusika wanaoongea kuliko washenga. Kwake yeye, gemu isiyo na stori ni kubonyeza vitufe tu. Mimi nasema gemu ni mchezo, na mchezo ni kufurahi. Nikitaka sinema, si nitawasha sinema?

Usidhani ni ubishi wa kitoto. Wengi wetu tunatoka kazini jioni, tunabakiwa na saa mbili tatu za kuwa pamoja kabla ya kulala. Zikimezwa zote na skrini ambayo mmoja anaicheza na mwingine anaitazama kwa pembeni, hapo mnaishi nyumba moja kama wapangaji.

Mjini unalipia mechi

Ukipita Majengo, Pasua au Bondeni jioni, kibanda cha gemu unakisikia kabla hujakiona. Hapa Moshi wengi wa rika langu tulijifunzia humo, kwenye PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2000 na imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Na vibandani mfalme alikuwa mmoja tu: mpira.

Sababu ni hela, wala si kwamba vijana wa Moshi hawapendi hadithi. Kibandani unalipia mechi au dakika. Nani atoe pesa yake akae kutazama watu wakiongea Kiingereza huku muda unayoyoma? Sini ikianza tu, foleni nyuma yako inapiga kelele: "Ruka! Ruka hiyo!" Ndiyo maana Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 wengi tunaikumbuka kwa baiskeli na kukimbizwa na polisi. Ukweli ni kwamba ina stori ndefu ya CJ, kijana anayerudi mtaani kwao kumzika mama yake. Nani aliifuatilia?

Hata mpira wenyewe ulijaribu kuwa sinema. FIFA 17, ya mwaka 2016, ilileta hadithi iitwayo The Journey, ya kijana Alex Hunter anayesaka jina kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Iliendelea hadi FIFA 19, ikaishia hapo. Vibandani sijamwona hata mmoja akiicheza. Tangu mwaka 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC, lakini mtaani bado ni FIFA, na bado ni mbili moja, pisha mwingine.

Lakini sinema nayo ina lake

Tuwe wakweli, wenzetu wa hadithi nao wana hoja. Chukua The Last of Us, ya mwaka 2013, ambayo HBO iliigeuza tamthilia ya televisheni mwaka 2023. Usiku mmoja mwenzangu alinipa pedi akaniambia, "Wewe anza." Nikajikuta ni binti mdogo anaitwa Sarah, nimeamka usiku, natembea chumba hadi chumba namtafuta baba. Simu inaita, king'ora kinalia nje, baba haonekani. Sinema ingenionyesha mtoto akiogopa. Hapa mimi ndiye niliyekuwa nafungua milango.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria yetu: steringi hafi. Basi nikajua Sarah ndiye steringi wangu. Muda si mrefu yuko mikononi mwa baba yake, risasi ya askari imempata, na gemu yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Nililia, na sioni aibu kusema.

Sasa linganisha na Metal Gear Solid 4 ya mwaka 2008, ambayo mwisho wake ni zaidi ya saa moja ya kutazama. Pedi iko mapajani, umeshakuwa mtazamaji. Ni hadithi nzuri, sawa, lakini mikono yako imepewa likizo.

Waundaji wa Afrika Mashariki nao hawajakubaliana. Mkenya Andrew Kaggia alitamba kwanza na filamu ya katuni, Wageuzi, mwaka 2011. Mwaka 2015 akatoa Nairobi X, gemu ya mapambano dhidi ya viumbe wa kutoka anga za mbali wanaoivamia Nairobi. Huyo alitoka kwenye filamu akaingia kwenye gemu, na inaonekana. Kampala, Kola Studios wao walichukua Matatu, karata inayopendwa Uganda, wakaiweka kwenye simu. Haina steringi wala muziki wa huzuni. Ni wewe, karata zako na mtu wa kumfunga.

Desemba, kule migombani

Ukitaka kuipima gemu, ipeleke Marangu mwezi Desemba. Wachagga wote duniani wamerudi nyumbani, sebule moja ina watu kumi na watano, pedi mbili. Mwaka mmoja mwenzangu alipanda na mashine yake na gemu ya hadithi. Baada ya nusu saa watoto walikuwa nje kwenye migomba, mashangazi jikoni, wazee kwenye mbege. Alibaki yeye na steringi wake.

Binamu akaweka Tekken 3, ile ya mwaka 1998. Watu wakarudi mmoja mmoja. Bibi, ambaye hajawahi kushika pedi, akapewa Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira. Wanaojua wanajua: ukiwa na Eddy, bonyeza tu vitufe vya mateke uone. Bibi akambwaga mjukuu anayejiita bingwa wa ukoo, nyumba ikalipuka. Na Tekken ina sinema pia, kila mpiganaji ana filamu yake fupi. Ila unaipata ukishamaliza kupigana, kama zawadi.

Kesho yake kikatokea kitu sikukitegemea. Mwenzangu alirudisha gemu yake, safari hii mjomba akakaa pembeni anatafsiri kwa sauti, kama Lufufu kwenye zile kanda za filamu za zamani. Alitia chumvi, akawapa majambazi majina ya majirani. Watoto wakaanza kuamua: "Pita kushoto! Usimwamini huyo!" Gemu ni ile ile, ila sasa kila mtu alikuwa na kazi.

Msimamo wangu

Kwa hiyo mimi swali la sinema au raha nimelibadilisha. Nauliza: gemu hii imetuachia nafasi? Imeiachia mikono yangu kitu cha kufanya, na aliyekaa pembeni yangu kitu cha kusema? Ikiwa ndiyo, iwe na hadithi ndefu kama barabara ya Rombo, sina neno. Ikiwa hapana, hata iwe na picha za kuua, hiyo ni filamu ya mtu mmoja.

Kwa mliooana na mnaopendana, jaribuni haya:

• Gemu ya hadithi ichezwe kwa zamu. Sura moja wewe, sura moja yeye. Asiyeshika pedi ndiye anaamua njia.

• Siku za kazi, chezeni za mechi. Zina mwisho, na mwisho ukifika mnakula.

• Mwenzio akikuomba umweleze stori, mweleze kwa raha. Usimwambie "hutaelewa".

• Dada zangu, msisubiri kukaribishwa. Omba pedi, chagua Eddy, piga mateke.