Sifa Bainifu za Trapeza: Jozi Moja Tu au Angalau Jozi Moja?

Trapeza ni pembenne yenye pande sambamba, lakini wanahisabati hutofautiana kuhusu idadi ya jozi za pande hizo. Fasili finyu hudai jozi moja tu, hivyo huutenga msambamba. Fasili pana hudai angalau jozi moja, hivyo huujumuisha. Fasili pana ina mashiko zaidi, kwani kanuni ya eneo, yaani nusu ya jumla ya vitako mara kimo, hubaki kweli kwa msambamba. Hata hivyo, chini ya fasili hiyo, trapeza pacha haiwezi kufasiliwa kwa usawa wa pande zisizo vitako, kwa sababu kila msambamba una sifa hiyo. Sifa yake bainifu ni usawa wa pembe mbili za kitako kimoja. Miongoni mwa misambamba, mstatili pekee ndio ulio nayo.