Mkopo wa Simu: Dhamana ni Majina ya Wenzako

Wadau, hii mikopo ya simu tuiongelee kidogo maana inatugusa sana sisi wa mikoani. Hapa Namtumbo Januari ndio mwezi mchungu: mahindi yanataka mbolea, hela ya msimu uliopita imeshakata. Simu inakwambia mkopo unaingia sasa hivi, bila dhamana. Nani atakataa?

Bila dhamana ni uongo. Dhamana ipo, ila sio yako. Ukishusha ile programu inaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote ulizonazo. Wengi tunabonyeza "Ruhusu" fasta, na ukikataa nyingine hazikupi kitu. Hapo orodha nzima inanakiliwa na kwenda kwenye kompyuta zao. Ukichelewa kulipa, meseji inakwenda kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa fundi baiskeli uliyempigia mara moja mwaka juzi: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Hao watu hawajakopa hata senti, na hakuna aliyewauliza!

Hapa ndipo wengi tunajidanganya: kuifuta programu hakufuti orodha. Ukizima ruhusa kwenye mipangilio unazuia isisome majina mapya, basi. Yaliyochukuliwa yameshachukuliwa.

Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizoko Google Play kusoma majina na picha za watu. Kwa hiyo ukitumiwa linki ya WhatsApp ushushe kutoka kwingine, jiulize kwa nini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Safi, ingawa kubadilisha jina la programu ni kazi ndogo.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Uzuri ni kwamba hata yule fundi baiskeli anaweza kulalamika, sio mkopaji peke yake. Jirani zetu Kenya wameshaonja: mwaka huohuo wa 2023 kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilipigwa faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho.

Kwa hiyo zile meseji za matusi usizifute kwa hasira. Piga picha ya skrini, namba iliyotuma na tarehe vionekane.