Kwa Nini Masomo Yetu Yavuke Bahari Kabla ya Kufika Darasani?

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 shule zetu zilifunguliwa kwa muhula wa pili, wiki mbili baada ya siku iliyokuwa imepangwa, kwa sababu ya mafuriko. Katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, mwalimu rafiki yangu alikuwa ameitumia likizo hiyo ndefu kuandaa masomo ya Jiografia. Ramani, michoro na maswali yote aliyatunga kwa tarakilishi iliyo katika afisi ya walimu, hatua chache kutoka darasani. Asubuhi hiyo aliwasha projekta, akabonyeza. Kiduara kikazunguka kiwamboni, kikazunguka, hata kengele ikalia.

Sababu ilikuwa mbali mno na darasa lile. Siku iliyotangulia, kebo mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini mwa bara letu. Upande wa kaskazini nako, kebo kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa na jeraha tangu Februari. Mawasiliano ya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda yakazorota. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi hivyo, nao wakaridhika, isipokuwa msichana mmoja aliyeinua mkono: "Samahani Mwalimu, kama masomo haya uliyaandika hapa afisini, yalikwenda baharini kufanya nini?"

Rafiki yangu aliniambia kwamba hakuwa na jibu. Sikumlaumu, maana hata sisi tuliosomesha tarakilishi kwa miaka mingi hatujazoea kuulizwa swali kama hilo. Fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa somo hili, utakuta maelezo yaliyonakiliwa kwa mwandiko safi kwamba mtandao ni tarakilishi mbili au zaidi zilizounganishwa. Kwamba kuna mitandao ya eneo dogo na ya eneo kubwa. Kwamba miundo yake ni nyota, basi na pete. Mtahiniwa huandika hayo, akapata alama zake, akaenda nyumbani. Amekariri majina ya vyombo bila ya kuujua mchuzi. Hajui ujumbe alioutuma jana usiku ulipita wapi, ni nani aliyeuelekeza huko, wala ni nani aliyelipwa kwa kuupitisha.

Hebu basi tulijibu swali la msichana yule, tukianzia mbali kidogo.

Nilipokuwa kijana, simu ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipigwa kupitia kwa opereta. Ulimpa nambari, akakuambia ungoje, kisha akakuunganisha. Tangu hapo hadi mtakapoagana, njia nzima baina ya miji hiyo miwili ilikuwa yenu. Mkisema ni yenu, mkinyamaza ni yenu, na aliyekuwa nyuma yenu sharti asubiri. Ulikuwa kama msafara wa harusi uliofungiwa barabara: hata magari yakiwa matatu tu, hapiti mtu mwingine mpaka bibi harusi afike.

Mtandao wa tarakilishi haufungi barabara. Katika miaka ya sitini wataalamu wawili, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo kwamba ujumbe ukatwekatwe vipande vidogo. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya mtumaji na anwani ya iendako, pamoja na nambari ya nafasi yake katika ujumbe mzima. Kisha huachiliwa njiani kama abiria wa matatu: huyu akapanda ya barabara ya juu ipitayo Kinungi, yule akapanda ya barabara ya chini ipitayo Mai Mahiu, wote wakakutana Naivasha. Huko hupangwa upya kwa nambari zao, na aliyepotea njiani huagizwa tena. Njia moja huweza kubeba ujumbe wa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na ikikatika, abiria hutafutiwa nyingine. Jaribio la kwanza la mtandao wa aina hii kwa masafa marefu lilifanyika California tarehe 29 Oktoba 1969. Waliokusudia kuandika neno LOGIN walifaulu kupitisha herufi mbili tu, L na O, kabla ya tarakilishi ya upande wa pili kuzimika. Kiduara cha rafiki yangu kina nasaba ndefu.

Kwenye kila njia panda ya mtandao kuna kifaa kiitwacho ruta. Ruta haijali ujumbe unasema nini. Huisoma anwani, hutazama jedwali lake, huitupa pakiti kwenye njia iliyoandikwa humo. Na hapa ndipo vitabu vyetu vinaponyamaza. Jedwali lile halikuchorwa kwa kutazama ramani ya nchi. Huchorwa kwa mapatano baina ya makampuni: fulani amekubali kupokea mizigo ya fulani, kwa malipo au kwa kubadilishana, na fulani hajakubali. Watu wawili wanaweza kuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, lakini iwapo makampuni yanayowahudumia hayana mapatano wala waya baina yao, pakiti za mmoja zitazunguka ulimwengu kabla ya kumfikia mwenzake.

Hayo si maneno ya kutia chumvi. Intaneti ilipoingia nchini katikati ya miaka ya tisini, ndivyo ilivyokuwa hapa hapa Nairobi. Barua pepe ya mteja wa kampuni moja, iliyokusudiwa mteja wa kampuni nyingine mtaa wa pili, ilipanda angani kwa setilaiti, ikashuka Marekani au Ulaya, ikabadilishwa mikono huko, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Wanafunzi wa Hisabati wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe. Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda mara mbili na kushuka mara mbili ni zaidi ya kilomita 143,000, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya mzingo wa dunia, ili kuvuka mtaa. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo safari hiyo ilikula karibu nusu sekunde, na jibu nusu nyingine. Nusu sekunde huonekana kidogo, lakini tarakilishi mbili huitikiana mara nyingi kabla ya ukurasa mmoja kufunguka, na kila kuitikiana kulilipa nauli ile ile. Nauli yenyewe ilikuwa ya dola, kwenda na kurudi.

Mwezi Novemba 2000 makampuni yaliyouza huduma za intaneti, chini ya chama chao cha TESPOK, yaliamua kuukomesha mzunguko huo. Yaliweka swichi mahali pamoja jijini, yakaleta nyaya zao hapo, ili barua ya Nairobi iendayo Nairobi ipitie hapo bila ya kupanda mbinguni. Kituo hicho kiliitwa KIXP. Hakikudumu. Shirika la Telkom Kenya, ambalo wakati huo lilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kutoka na kuingia nchini, lililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Na haukupita muda, Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe kwa kuwa hakikuwa na leseni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wataalamu walikwenda na kurudi wakieleza kwamba mizigo iliyopita katika swichi ile ilitoka Kenya na ilikuwa inakwenda Kenya, kwa hiyo haikuwa mali ya mwenye lango la nje. Kilifunguliwa tena Februari 2002, safari hii kikiwa na leseni.

Nimewahi kuwauliza walimu katika semina kama wanaijua habari hii. Wachache mno waliinua mikono. Ajabu ni kwamba wote walijua kueleza muundo wa nyota. Swichi ya KIXP, yenye nyaya za makampuni zikikutana katikati, ni nyota. Lakini nyota ya kitabuni haina mshitaki, haina leseni, wala haina mtu wa kuipigania. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Kenya asome mitandao bila ya kusoma kesi hii, ilhali hakuna mfano bora zaidi wa tofauti iliyopo baina ya waya na mapatano.

Kuhusu kebo za baharini nitasema kwa ufupi, kwa sababu zimesemwa sana. Si jambo geni kwetu. Waya wa telegrafu wa kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Kilicho kipya ni kioo. Kebo ya Seacom ilianza kazi Julai 2009, na mwaka huo huo kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, mwendo wa takriban kilomita 5,000. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zipitazo nuru. Nuru katika kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, polepole kuliko angani, na bado ujumbe hufika Fujairah kwa sehemu ya kumi tu ya muda ambao setilaiti ingechukua kuupandisha na kuushusha, kwa kuwa njia ni fupi. Lakini kilicho majini kina adui zake. Februari 2012 nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliikata TEAMS. Watu wengi bado hudhani kwamba intaneti iko angani, penye mawingu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake iko matopeni.

Sasa swali la msichana linajibika. Masomo ya Jiografia yaliandikwa afisini, ndiyo, lakini hayakuwekwa hapo. Shule ilikuwa ikilipia nafasi katika seva iliyo ng'ambo, kwa sababu aliyewauzia huduma hiyo ndiko alikokuwa na seva, na hakuna aliyemwuliza. Kila mara mwalimu alipobonyeza, ombi lilitoka darasani hadi kwa kampuni ya intaneti, likateremka hadi pwani, likavuka bahari, na somo likaja kwa njia hiyo hiyo. Kwa siku za kawaida hilo hutukia upesi hata mtu asijue. Laiti yangalikuwa katika seva ya Nairobi, pakiti zingepita KIXP au njia nyingine ya humu humu, na kukatika kwa kebo kusingezinyima njia. Na laiti yangalikuwa katika tarakilishi ya afisini, yasingehitaji hata kutoka langoni.

Simwambii mtu akatae seva za ng'ambo. Pengine ni rahisi zaidi, pengine zinatunzwa vizuri zaidi, na kuna kampuni kubwa za nje ambazo sasa zimeleta seva zao humu nchini zenyewe, kwa kuwa zimeijua faida ya kuwa karibu na mteja. Ninachosema ni kwamba shule inunuapo nafasi bila ya kuuliza iko wapi, imenunua pia bahari pamoja na nanga zake zote. Mwalimu wa tarakilishi ndiye aliyestahili kuuliza, na hawezi kuuliza iwapo naye alifundishwa nyota, basi na pete tu.

Somo hili linaweza kufundishwa kwa amri moja. Katika tarakilishi nyingi za shule, zinazotumia Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha anwani ya tovuti yoyote. Zitajitokeza ruta zilizopitiwa, moja baada ya nyingine, na muda uliotumika kuifikia kila moja. Baadhi hazitajibu, na hilo nalo ni funzo. Wape wanafunzi anwani mbili, moja ya tovuti iliyo katika seva ya humu nchini na nyingine iliyo ng'ambo, wachore njia zote mbili. Mahali ambapo muda unaruka ghafla kutoka tarakimu moja au mbili hadi tatu, hapo yamkini pakiti imevuka bahari.

Rafiki yangu alifanya hivyo wiki iliyofuata. Kisha akaenda mbali zaidi kuliko nilivyomtarajia. Alichukua tarakilishi kuukuu kutoka stoo, akaigeuza seva ya masomo ya shule, akawapa wanafunzi kazi ya kuiunganisha na madarasa. Walijifunza haraka kwamba waya wa shaba wa mtandao haustahili kuzidi mita 100, na kutoka afisini hadi madarasa ya mbali ni mita 150. Ikabidi swichi iwekwe katikati, katika chumba cha vifaa vya michezo, penye stima. Msichana yule ndiye aliyefunga ncha za waya wa kwanza. Haukufanya kazi. Waya huo huwa na nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, kila moja na rangi yake, nazo sharti zipangwe kwa utaratibu mmoja ncha zote mbili. Naye alikuwa ameubadilisha uzi wa kijani na wa buluu. Wa pili ulifanya kazi.

Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi. Vishikwambi vilipogawiwa shule za msingi kuanzia mwaka 2016, vilikuja na kisanduku cha kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila ya intaneti. Cha shule hiyo nilikiona kabatini, bado kimo katika mfuko wake wa plastiki. Wanafunzi wa upili walijitolea kukiwasha, na pia wakauliza kama waya wao unaweza kupitishwa chini ya barabara ili shule zote mbili zitumie seva moja. Mwalimu mkuu aliandika barua kuomba ruhusa ya kuchimba mtaro wa mita kumi na mbili. Hadi muhula wa tatu ulipofungwa, jibu lilikuwa halijafika.